Utumbo mpana umetolewa, maisha yamebaki

Kuna maradhi ambayo mtu akiyapata huyasimulia hadi sokoni. Malaria, shinikizo la damu, hata jino bovu, yote hupata wasikilizaji. Lakini yapo mengine ambayo mgonjwa huyafungia ndani ya nyumba na kuweka kufuli, na miongoni mwa hayo ni maradhi ya utumbo. Nani atakayesimama mbele ya mashemeji aseme kwamba anaenda msalani mara 15 kwa siku na kwamba anachokiona huko ni damu? Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua, na pengine hakuna pahali methali hiyo inapofaa kuliko hapa.

Makala haya, msomaji mpendwa, yanamhusu yule aliyekwisha kuvuka bonde hilo la kilio. Amepimwa, amelazwa, ametolewa utumbo mpana wote, na sasa amerudi nyumbani kwake Makongeni mjini Thika au Kihunguro kule Ruiru akiwa na mfuko mpya ndani ya tumbo. Majirani wanamwambia pole na kumshukuru Mungu. Yeye mwenyewe anajiuliza swali moja tu: je, nitakuwa mtu wa kawaida tena?

Jibu ni ndiyo, kwa walio wengi. Hata hivyo, jibu hilo halipatikani kwa mwezi mmoja. Mwenye mfuko huu hupimwa kwa mwaka, na wengi wanaokata tamaa ni wale waliojipima mapema mno.

Ugonjwa wenyewe

Wengi wanaofanyiwa upasuaji huu ni wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao madaktari huuita kolaitisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, hugeuka na kuushambulia utumbo wa mwenyewe. Tumbo husokota, damu hutoka, mwili hukonda. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za amiba na za kuhara damu, si ajabu mgonjwa kuzungushwa na dawa za dukani kwa muda mrefu kabla ya kufika kwa daktari bingwa na kuchunguzwa kwa kamera. Wengine hufanyiwa upasuaji kwa sababu ya ugonjwa wa kurithi unaootesha mamia ya vinyama ndani ya utumbo mpana, ambavyo vikiachwa huishia kuwa saratani.

Huu si ugonjwa wa maskini wala wa mchafu, wala si wa aliyerogwa. Shinzo Abe, aliyekuwa waziri mkuu wa Japani, alijiuzulu mwaka wa 2007 na tena mwaka wa 2020 kwa sababu yake. Steve Redgrave, mpiga makasia wa Uingereza, aligunduliwa kuwa nao mwaka wa 1992, na bado akashinda dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 1996 na wa 2000.

Wagonjwa wengi hutulizwa na dawa na hawahitaji kisu. Lakini dawa zikishindwa, au saratani ikianza kunyemelea, daktari hushauri utumbo mpana utolewe.

Mfuko wa J ni kitu gani?

Zamani, aliyetolewa utumbo mpana hakuwa na njia nyingine ila kuishi na stoma, yaani tundu linalofunguliwa kwenye tumbo, ambapo choo huingia katika mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye ngozi. Mwaka wa 1978 madaktari wawili wa hospitali ya St Mark's jijini London, Alan Parks na John Nicholls, walieleza jinsi walivyoshona mfuko wa ndani kwa kutumia utumbo mwembamba wa mgonjwa mwenyewe. Mwaka wa 1980 daktari Utsunomiya wa Japani akaeleza namna rahisi zaidi, ya kuukunja utumbo mara moja tu kama herufi J. Ndiyo inayotumika zaidi hadi leo.

Daktari huchukua sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, akaikunja, akaziunganisha pande mbili kuwa mfuko mmoja wenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, kisha akaufunga kwenye njia ya haja kubwa. Kazi hii aghalabu hufanywa kwa awamu mbili au tatu. Katikati ya awamu hizo mgonjwa huishi na stoma ya muda, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, ili mishono ya ndani ipone. Stoma ikishafungwa, choo huanza kupita katika mfuko mpya na kutoka kwa njia ile ile aliyotuumbia Mola.

Hapo ndipo safari yenyewe inapoanza.

Mwezi wa kwanza si kipimo

Utumbo mpana hupokea takriban lita moja na nusu ya majimaji kila siku na kuyanyonya karibu yote, ndiyo maana choo cha kawaida huwa kigumu. Sasa haupo. Mfuko wako mpya haujawahi kufanya kazi hiyo, na mwanzoni ni mdogo na mgumu. Ufananishe na kiriba kipya cha ngozi: siku ya kwanza hakijazi maji mengi, lakini kadiri kinavyotumiwa ndivyo kinavyolegea na kutanuka.

Kwa hivyo usishtuke ukienda msalani mara 10 au hata 15 kwa siku katika majuma ya kwanza. Usishtuke ukiamka usiku mara mbili au tatu, wala nguo ya kulalia ikichafuka kidogo. Baada ya miezi kadhaa safari hizo hupungua. Mwaka ukitimia, wengi huwa wameteremka hadi kati ya mara nne na nane kwa saa 24, pengine mara moja usiku, na choo chao huwa kama uji mzito. Jambo lililo muhimu zaidi ni kwamba ule uharaka wa zamani, wa kukimbia au kujiaibisha, huondoka. Mtu anaweza kusema ngoja kidogo, na tumbo likangoja.

Ikiwa wewe ni jamaa wa mgonjwa, liweke hilo akilini. Usihesabu safari zake kwa sauti. Usimwulize kila asubuhi kama amepona. Anayeulizwa hivyo kila siku huanza kuacha kula ili asiende choo, na anayeacha kula hukosa nguvu ya kupona.

Sufuria ya nyumbani

Chakula ndicho kinachozua ubishi mkubwa katika familia, kwa sababu kila shangazi ana ushauri wake. Ukweli ni kwamba hakuna orodha moja inayomfaa kila mtu. Lakini kuna njia iliyonyooka: anza na vyakula laini, ongeza kimoja kimoja, na andika katika daftari kile kilichokusumbua.

Vyakula vinavyosaidia choo kuwa kizito ni wali, viazi, mkate mweupe, ndizi mbivu na nduma zilizoiva vizuri. Ugali laini na mayai havina neno. Nyama na kuku vipikwe hadi vilainike. Sukuma wiki ikatwe nyembamba sana, mashina yatolewe, iive sawasawa.

Githeri inahitaji subira. Ganda la mahindi halisagiki tumboni, na katika miezi ya kwanza punje nyingi ambazo hazikutafunwa zinaweza kuziba njia. Ni vivyo hivyo kwa mahindi ya kuchoma, njugu, nazi na uyoga. Na nanasi, fahari ya Thika, ambalo wachuuzi hukukatia vipande ukiwa bado kwenye kiti cha matatu, lina nyuzi nyingi mno kwa mfuko mchanga. Si kwamba umeliaga milele. Wengi huja kulionja tena baada ya miezi, kipande kimoja, kilichotafunwa hadi kikawa maji.

Pilipili nayo hukumbukwa mara mbili, inapoingia na inapotoka.

Kula kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, badala ya sahani moja iliyojaa hadi ukingoni. Chakula cha jioni kiwe mapema, kama saa kumi na mbili na nusu, ukitaka usiku wako uwe na usingizi. Tafuna polepole. Hata familia yenye haraka ya kutazama habari za saa moja itazoea.

Maji ni dawa

Watu wengi hufanya kosa la kupunguza maji wakidhani choo kitapungua. Hakipungui. Kinachotokea ni kwamba mwili hukauka, kichwa huuma, mkojo huwa wa rangi ya chai, miguu hukakamaa usiku na figo huumia. Aliyetolewa utumbo mpana hupoteza maji na chumvi kuliko wewe na mimi. Lita mbili kwa siku ni kiasi cha kawaida, na zaidi wakati wa jua kali la Januari au unapofanya kazi ya sulubu. Weka pakiti za ORS nyumbani, na uzitumie ukihara kupita kawaida yako. Usinywe maji mengi kwa mkupuo, bali pole pole kutwa nzima.

Dawa ya kupunguza mwendo wa tumbo, loperamide, huwasaidia wengi, lakini kipimo chake akupe daktari. Jihadhari pia na dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo huuzwa dukani kama peremende. Zinaweza kuuchokoza mfuko. Mwambie mwenye duka la dawa hali yako kabla hajakufungia chochote.

Ngozi na msala

Choo cha mwenye mfuko wa J kina tindikali na vimeng'enyo vinavyounguza ngozi. Karatasi ikisuguliwa mara 10 kwa siku huacha kidonda. Watu wa pwani wana desturi nzuri ya kopo la maji msalani, na hapa ndipo sisi wa bara tunapopaswa kuwaiga. Jioshe kwa maji ya vuguvugu, jikaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa laini, kisha jipake mafuta mazito au ile krimu yenye zinki wanayopakwa watoto wachanga. Jipake kabla ngozi haijachubuka.

Wengi wetu tunaishi katika ploti ambapo nyumba sita hutumia choo kimoja. Hili ni jambo la kupangwa kabla mgonjwa hajatoka hospitalini. Zungumza na mwenye nyumba au mlinzi wa ploti. Si lazima usimulie ugonjwa wote. Inatosha kusema, "Mzee, mke wangu amefanyiwa upasuaji wa tumbo, atahitaji choo usiku, naomba taa isizimwe na mlango usifungwe." Tengeni mtungi wa maji wa mgonjwa ambao hauguswi na mtu, kwa sababu mabomba yanapokauka hayajali nani ni mgonjwa.

Na mtungi huo asiubebe yeye. Baada ya upasuaji wa tumbo mtu hukatazwa kuinua mizigo mizito kwa majuma sita hadi manane, la sivyo mishono ya misuli huachia na utumbo hutokeza kama ngiri. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Ukikaa orofa ya nne huko Kimbo au Gitambaya na maji ni ya kupandishwa ngazi, kijana wa nyumbani ndiye atakayepanda nao.

Ruiru hadi Thika kwa matatu

Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilifupisha safari, lakini haikuumaliza msongamano. Kwa aliyetoka upasuaji, hofu ya kukwama kati ya Juja na Witeithie bila choo ni kubwa kuliko hofu ya kisu chenyewe. Wapo wanaojifungia nyumbani kwa sababu hiyo peke yake, wakaacha kazi, kanisa na hata kliniki.

Anza na safari fupi. Juma hili nenda hadi dukani na urudi. Juma lijalo panda gari kituo kimoja au viwili. Nenda saa ambazo barabara haina watu wengi. Usiondoke na njaa, kwa kuwa tumbo tupu hujaa gesi na kunguruma, bali kula kitu kidogo kikavu mapema na uende msalani kabla ya kutoka. Yajue mapema vituo vya petroli na maduka makubwa yenye vyoo njiani. Beba mkoba wenye nguo ya ndani, kitambaa, maji, krimu na sarafu za choo cha kulipia. Keti karibu na mlango, na ikibidi mwambie kondakta bila aibu, "Ndugu yangu, nimetoka hospitali, nishushe hapo mbele." Makondakta wetu wana sifa mbaya, lakini wachache watamkatalia mgonjwa.

Wenye kazi za ofisini hurejea kazini kati ya juma la sita na la nane, wenye kazi za kiwandani au shambani huchelewa zaidi. Ikiwa unafanya kazi ya zamu katika viwanda vya Thika, omba barua ya daktari itakayoeleza kwamba unahitaji kwenda msalani bila kuomba ruhusa kila mara, na kwamba huwezi kubeba magunia kwa sasa. Mwanafunzi wa chuo naye aipeleke barua kama hiyo kwa msimamizi wa mitihani kabla ya mtihani, wala asingoje siku yenyewe. Kuketi karibu na mlango si upendeleo.

Pia kuna zoezi la kukaza misuli ya njia ya haja, kama mtu anayezuia choo. Kaza, hesabu hadi tano, achia, rudia mara 10, mara kadhaa kwa siku. Muulize daktari lini uanze. Zoezi hili husaidia kupunguza ajali za usiku, na unaweza kulifanya hata ukiwa ndani ya matatu bila mtu kujua.

Chumbani kwa wawili

Hili husemwa kwa sauti ya chini, lakini lazima lisemwe. Wenye mfuko wa J huoa, huolewa na huzaa. Daktari akishakuruhusu, kwa kawaida baada ya majuma sita au zaidi, maisha ya ndoa hurejea, polepole na kwa mazungumzo. Wanaume wachache hupata tatizo la nguvu kwa sababu ya mishipa iliyoguswa wakati wa upasuaji, na mengi ya hayo hutibika. Wanawake wengine huchelewa kushika mimba kwa njia ya kawaida kwa sababu ya makovu karibu na kizazi. Msichana ambaye hajaolewa anastahili kuelezwa hilo kabla ya kukatwa. Mama akishika mimba, aanze kliniki mapema na aseme ana mfuko, ili daktari wa uzazi na wa upasuaji washauriane jinsi atakavyojifungua.

Dalili za hatari

Usikae nyumbani ukiona haya: tumbo kuuma sana na kuvimba, kutapika, na choo kukoma kabisa, homa, damu nyingi, au kizunguzungu na mkojo kuisha. Aidha, ikiwa ulikuwa umeteremka hadi mara sita na ghafla ukarudi mara 12, pamoja na maumivu na uchovu, huenda mfuko umevimba ndani. Hili huwapata wengi, karibu nusu ya waliokuwa na kolaitisi, wakati mmoja au mwingine katika miaka ya mwanzo. Mara nyingi hutibiwa kwa viuavijasumu vya majuma mawili hivi. Si dalili kwamba upasuaji umeharibika.

Ukifika Thika Level 5, au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyo karibu na Ruiru, au kwingineko, unaweza kumkuta muuguzi ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa aina yako. Tembea na karatasi iliyoandikwa: nimetolewa utumbo mpana, nina mfuko wa J, nilifanyiwa upasuaji tarehe fulani, daktari wangu ni fulani na simu yake ni hii. Ionyeshe kabla hujaingizwa mpira wowote au kupewa dawa ya kuharisha. Na kwa kuwa SHA ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hakikisha mapema kwamba umesajiliwa, michango yako haina deni, na uulize ni huduma zipi zitakazolipiwa.

Mfuko ukikataa

Tusidanganyane. Kwa watu kati ya watano na 10 katika kila 100, mfuko hukataa kabisa baada ya miaka, na mgonjwa hurudi kwenye stoma. Huo si mwisho. Wenye stoma hufanya kazi, husafiri na kulea watoto, na baadhi yao husema wangalifanya hivyo mapema badala ya kuteseka. Stoma iliyokuokoa si ya kuonewa haya.

Lakini kabla ya kufika huko, upe mfuko wako nafasi. Mashabiki wa Manchester United watamkumbuka Darren Fletcher, kiungo aliyeugua kolaitisi hadi akafanyiwa upasuaji Januari 2013. Alikuwa na madaktari wa klabu tajiri, wapishi na wakufunzi wa kila aina. Hata hivyo hakurudi uwanjani hadi Desemba mwaka huo. Ikiwa yeye alihitaji karibu mwaka mzima, seuze wewe unayepanda ngazi za ploti na kugombania matatu?

Basi nunua daftari leo. Andika ulichokula, mara ulizokwenda msalani, saa ulizolala. Usilisome kila siku. Lifungue mwisho wa kila mwezi ukiwa na mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, mlinganishe mwezi huo na uliopita, kisha mlipeleke kliniki. Haba na haba hujaza kibaba, na katika daftari hilo ndimo utakamoona kibaba kikijaa.